Kiingereza nacho kilipofungiwa nje ya mahakama

MWEZI uliopita nilimsindikiza shangazi yangu kortini. Ana miaka 80 na ushei, na kesi yake ni ya shamba. Zile kesi ambazo mtu huzianza akiwa na meno yote na kuzimaliza akiwa amebaki na ufizi. Kwa kuwa mahakama yenyewe ina hadhi sawa na Mahakama Kuu, kila kitu kiliendeshwa kwa Kiingereza. Wakili wake alisimama akasema. Wakili wa upande wa pili naye akasimama akasema. Jaji akauliza maswali mawili matatu, akaandika, tarehe nyingine ikatajwa, tukatoka. Muda huo wote shangazi alikuwa ametulia tuli, mkoba mapajani, macho yakimfuata kila aliyefungua kinywa. Tulipofika kwenye ngazi za nje alinishika mkono, akaniuliza kwa lugha yetu ya nyumbani: "Mwanangu, yule wangu amenitetea vipi? Na yule mwingine amenisema nini?"

Nilimweleza nilivyoweza. Wakili wake, kijana niliyemfundisha Kiswahili chuoni kabla hajahamia kwenye sheria, alitukuta pale pale ngazini. Nikamtania kwamba siku moja nitakuja kumsikia akiwasilisha hoja zake kwa lugha niliyomfundisha. Akacheka. "Mwalimu," akasema, "Kiswahili ni kitamu, hilo halina ubishi. Lakini sheria ina lugha yake. Kiingereza kilizaliwa na sheria mdomoni."

Kauli hiyo nimekuwa nikiitafuna tangu siku ile. Hakuisema kwa dharau. Aliisema kama mtu anavyosema kwamba maji huteremka mlima, jambo lisilohitaji ushahidi. Nami najua hayuko peke yake, kwa maana wasomi wengi niliokutana nao wanaamini vivyo hivyo, hata wale wanaokitetea Kiswahili kwa moyo wao wote. Leo basi nitaziweka kando ngeli na vitenzi vyetu, ndugu msomaji, tukitazame Kiingereza chenyewe kilikotoka. Kumbe wasemaji wake nao waliwahi kukaa pale alipokaa shangazi: ndani ya mahakama za nchi yao, wakisikiliza wasichokielewa.

Tuanze mbali, lakini tupite haraka. Warumi walipoyaondoa majeshi yao katika kisiwa cha Britania mwanzoni mwa karne ya 5, waliwaacha wenyeji waliosema lugha za Kikelti. Katika karne hiyo hiyo wakaja kwa mashua watu wa makabila ya Kijerumani, yaani Waangli, Wasaksoni na Wajuti, kutoka pwani za nchi tunazoziita leo Ujerumani na Denmark. Jina "England" linatokana na hao Waangli. Wenyeji waliowakuta waliwaita kwa neno lililomaanisha "wageni", na ndilo lililozaa jina la Wales ya leo. Naam, mgeni alifika akamwita mwenyeji mgeni.

Mwaka 597 wamisionari kutoka Roma walifika Kent wakiwa na dini na alfabeti ya Kilatini. Mfalme wa Kent, Æthelberht, aliamuru sheria zake ziandikwe, na ajabu ni kwamba hakuziandika kwa Kilatini kama ilivyokuwa desturi kwingineko Ulaya, bali kwa lugha ya watu wake. Sheria hizo huhesabiwa kuwa miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kiingereza. Nyingi zinahusu fidia: ukimkata mtu sikio utalipa shilingi 12, ukimkata kidole gumba shilingi 20. Hizi shilingi zetu, basi, jina lake lina umri huo.

Hapa wakili wangu atarukaruka kwa furaha. "Si nilikuambia, Mwalimu!" Ni kweli, hapo ana hoja. Kiingereza kiliandika sheria mapema. Kiliandika pia mengine mengi: Mfalme Alfred, aliyetawala kati ya 871 na 899, alihimiza vitabu vya Kilatini vifasiriwe kwa Kiingereza na yeye mwenyewe akashiriki kazi hiyo. Waviking walipovamia na hatimaye kufanya makao kaskazini na mashariki mwa nchi, lugha ikachota kwao maneno ya kila siku yasiyohesabika: "sky", "knife", "husband", hata "they" na "them". Neno "law" lenyewe, analolitumia wakili kutwa kucha, ni la mkopo kutoka kwa Waviking hao. Lakini hayo yote hayakukisaidia Kiingereza lilipofika lililofika. Na ndiyo maana nasema kauli ya kijana yule inapotosha. Lugha inaweza kuwa na sheria, historia na mashairi yaliyoandikwa kwa zaidi ya karne nne, kisha watu wakaja kuapa kwamba haiwezi.

Oktoba 1066, William, mtawala wa Normandy, aliwashinda Waingereza katika vita vya Hastings na kutwaa kiti cha ufalme. Wanormani hao walikuwa wajukuu wa Waviking waliohamia kaskazini mwa Ufaransa, wakaisahau lugha ya babu zao na kushika Kifaransa. Baada ya muda mfupi karibu kila mwenye ardhi kubwa, kila askofu na kila mkuu wa ngome alikuwa msemaji wa Kifaransa. Sensa ya mali ya nchi nzima iliyofanywa mwaka 1086 iliandikwa kwa Kilatini. Watawa wa Peterborough waliendelea kuandika kumbukumbu za miaka kwa Kiingereza hadi mwaka 1154, wakaacha. Kuanzia hapo, atakaye neema alijifunza Kifaransa, atakaye elimu alijifunza Kilatini, na Kiingereza kikabaki shambani, jikoni na zizini. Mfalme Richard, yule wanayemwita Moyo wa Simba, alitawala miaka 10 lakini alikaa Uingereza miezi kama sita tu kwa jumla.

Mfano wa nguruwe na nyama yake umekwisha kuchosha masikio ya wanafunzi wetu: mnyama akiwa hai huitwa kwa Kiingereza asilia, "pig", akifika mezani kwa bwana hugeuka Mfaransa, "pork". Mimi napenda zaidi mfano wa mahakama. Hebu tazama. Mwizi kwa Kiingereza ni "thief", neno asilia. Kiapo ni "oath", asilia. Kuiba ni "steal", kunyonga ni "hang", yote ya Waingereza wenyewe. Lakini mahakama ni "court", jaji ni "judge", haki ni "justice", uhalifu ni "crime", gereza ni "prison", mlalamikaji ni "plaintiff", mshtakiwa ni "defendant", wakili ni "attorney", na hayo yote ni Kifaransa. Kwa maneno mengine, aliyeiba, aliyeapa na aliyenyongwa walikuwa Waingereza. Waliokaa kwenye viti walisema Kifaransa.

Sasa lete Kiswahili kando yake. Mwizi, kuiba, kuapa, kunyonga: maneno ya Kibantu, ya babu zetu. Sheria, mahakama, hakimu, wakili, shahidi, hukumu, dhamana: Kiarabu. Mpangilio ni ule ule, kana kwamba lugha hizi mbili zilikaa darasa moja. Tena tuna mengine yaliyotufikia kwa njia ndefu zaidi. Tukisema "korti", "jela" na "faini" twadhani tumekopa kwa Waingereza, na ni kweli tumekopa kwao, ila wao nao walikuwa wamekopa kwa Wafaransa. Kwa hiyo anayesema Kiswahili hakiwezi kubeba sheria kwa sababu msamiati wake wa sheria ni wa kuazima, na akaseme hivyo hivyo kuhusu Kiingereza. Wataalamu hukadiria kwamba maneno ya Kifaransa yapatayo 10,000 yaliingia katika Kiingereza kwenye karne zile za kati.

Kiingereza kilirudi vipi? Hakikurudi kwa sababu kiligunduliwa kuwa kitamu. Mwaka 1204 Mfalme John alipoteza Normandy, na wakubwa wenye ardhi pande zote mbili za bahari wakalazimika kuchagua upande. Wajukuu wa Wanormani walilelewa na yaya Waingereza, wakaoa Waingereza, na kufikia katikati ya karne ya 13 baadhi yao walikuwa wakinunuliwa vitabu vya kuwafundisha Kifaransa, ishara tosha kwamba hawakukinyonya tena kwa mama. Mwaka 1337 vikaanza vita virefu na Ufaransa, na lugha ya adui haipendezi kinywani. Kisha, mwaka 1348, ikaja tauni iliyoua labda thuluthi moja ya watu, labda zaidi. Wafanyakazi wakawa adimu, ujira wao ukapanda, na sauti yao pia, na sauti hiyo ilikuwa ya Kiingereza.

Ndipo tunapofika mwaka 1362. Katika enzi ya Mfalme Edward III, bunge lilipitisha sheria kuhusu lugha ya mahakama. Ningependa kila wakili wa Kenya aisome siku moja. Malalamiko yaliyotajwa mwanzoni mwake ni kwamba sheria za nchi hazijulikani na watu kwa kuwa kesi husemwa na kuamuliwa kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi hawaifahamu, hata mtu aliye na kesi hajui linalosemwa na mawakili kwa ajili yake wala dhidi yake. Niliposoma tena maneno hayo baada ya siku ile ya kortini, nilikiweka kitabu chini. Lilikuwa ni swali la shangazi, lililoulizwa miaka zaidi ya 650 iliyopita, na walioliuliza ni Waingereza.

Dawa waliyoitoa ni hii: kuanzia sasa kesi zisemwe, zijibiwe na ziamuliwe kwa Kiingereza, ila kumbukumbu zake ziandikwe kwa Kilatini. Na sheria yenyewe iliandikwa kwa lugha gani? Kwa Kifaransa! Usicheke sana, msomaji. Katika mahakama zetu za chini, ambako sheria inaruhusu Kiingereza au Kiswahili, shahidi husema Kiswahili na hakimu aghalabu huandika Kiingereza. Kinywa kimoja, kalamu nyingine.

Je, mawakili walitii? Wapi! Mdomoni Kiingereza kiliingia pole pole, lakini vitabu vyao, ripoti zao za kesi na mafunzo yao viliendelea kuwa kwa Kifaransa, na Kifaransa chenyewe kikawa kinaoza mwaka hadi mwaka kwa sababu hakuna aliyekizungumza nyumbani. Kuna kisa kinachojulikana sana na wanahistoria wa sheria, cha mwaka 1631 huko Salisbury. Mfungwa aliyehukumiwa alimrushia jaji kipande cha tofali, kikamkosa kidogo tu. Mwandishi wa ripoti aliandika tukio hilo kwa kile alichokiita Kifaransa, lakini alipofika kwenye tofali neno likamtoka, akaweka la Kiingereza. Alipofika kwenye kukosa kidogo, Kiingereza tena. Akaendelea hivyo hadi mwisho, viambishi vya huku na mizizi ya kule. Vijana wetu wa Sheng wangemtambua ndugu yao. Hii ndiyo lugha iliyodaiwa kuwa ya pekee inayoweza kubeba uzito wa sheria kwa usahihi.

Wakati huo huo, nje ya mahakama, palikuwa na swali jingine gumu: tukisema Kiingereza, ni Kiingereza kipi? Hapa nina kisa ninachokipenda kuliko vyote, nacho kimesimuliwa na William Caxton, mtu aliyeleta mtambo wa kuchapia vitabu Westminster mwaka 1476. Wafanyabiashara fulani walikuwa safarini kwa jahazi, upepo ukakatika, wakateremka pwani ya Kent kutafuta chakula. Mmoja akamwomba mama mmoja mayai, akitumia neno la kaskazini, "egges". Yule mama akajibu kwamba samahani, hajui Kifaransa. Mwanamume akakasirika, maana hata yeye hakujua Kifaransa. Alichotaka ni mayai tu. Mwenzake akaingilia kati akasema "eyren", neno la kusini, na mama akaelewa mara moja. Caxton akabaki anajiuliza: basi mchapishaji aandike lipi?

Neno lililoshinda, kama tujuavyo, ni lile la kaskazini, nalo ni la Waviking. Lakini kwa jumla lahaja iliyotumiwa London na katika ofisi za serikali ndiyo iliyopata nguvu. Mfalme Henry V alikuwa ameanza kuandika barua zake kwa Kiingereza mnamo 1417, makarani wakafuata, wachapishaji nao wakafuata makarani. Si kwamba lahaja ile ilikuwa bora kuliko nyingine. Ilikuwa karibu na pesa na muhuri. Sisi tunalijua jambo hili vizuri, kwa sababu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Wamvita na Waamu waliokuwa na tungo zao tangu kale waliachwa wakijiuliza kama yule mama wa Kent.

Bei ya uchapishaji ilikuwa tahajia. Wachapishaji walizigandisha herufi wakati matamshi yalikuwa bado yanakimbia. Irabu ndefu za Kiingereza zilihama karibu zote kati ya karne ya 15 na ya 17, na konsonanti kadhaa zikafa. Neno "knight" liliwahi kutamkwa kwa herufi zake zote, "k" ya mwanzo na ile "gh" ya katikati iliyokoroma kooni. Leo zimebaki kama makaburi, na mtoto wa darasa la pili wa Kitale au Voi anachapwa maksi kwa kutoyakumbuka. Mimi huwaambia walimu wa Kiingereza, kwa utani, kwamba Kiswahili huandikwa, Kiingereza hukumbukwa.

Msamiati nao? Katika karne ya 16 wasomi wa Uingereza walikuwa wakizozana kama tunavyozozana sisi. Wapo walioona Kiingereza ni cha wachunga ng'ombe, hakifai kwa elimu. Wapo waliomwaga Kilatini na Kigiriki katika kila sentensi. Na wapo, kama Sir John Cheke, mhadhiri wa Kigiriki huko Cambridge, waliotaka lugha isiazime kabisa. Cheke alipofasiri Injili ya Mathayo alibuni maneno kutoka mizizi ya nyumbani: akida wa askari 100 akamwita "hundreder". Halikushika. Kila nikiletewa istilahi mpya ya Kiswahili iliyokaa kitini bila msemaji hata mmoja, huwa namkumbuka Cheke. Mwalimu mmoja wa London, Richard Mulcaster, aliandika kitabu mwaka 1582 akikiri kwamba Kiingereza hakikwenda mbali zaidi ya kisiwa chao, na hata humo hakikuenea pote. Lakini akashikilia kwamba hakuna elimu isiyoweza kuandikwa kwacho iwapo wenyewe watataka. Kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, ya Robert Cawdrey, ilitoka mwaka 1604 ikiwa na maneno kama 2,500 tu. Isaac Newton alitoa kitabu chake kikuu cha fizikia mwaka 1687 kwa Kilatini, kwani ndicho kilichosomwa na wasomi wa Ulaya. Kile cha nuru na rangi, cha mwaka 1704, akakitoa kwa Kiingereza. Mtu yule yule, kichwa kile kile. Si lugha iliyopata uwezo wa fizikia ghafla katika miaka 17 ile. Wasomaji ndio walioanza kubadilika, na mwandishi naye akakubali kuwaandikia.

Turudi mahakamani, maana ndiko shangazi anakosubiri. Mwaka 1628 jaji mashuhuri Edward Coke alitoa ufafanuzi wake wa sheria za ardhi kwa Kiingereza, ingawa kitabu alichokifafanua kilikuwa cha Kifaransa. Mwaka 1650, baada ya Waingereza kumkata mfalme wao kichwa na kuanzisha jamhuri, bunge liliamuru vitabu na kesi zote ziwe za Kiingereza. Miaka 10 baadaye ufalme ukarudi, na mawakili wakarudi kwenye Kilatini chao na Kifaransa chao, mbio. Ilichukua hadi Machi 25, 1733, kwa sheria nyingine kuanza kufanya kazi na kukifanya Kiingereza lugha ya kumbukumbu na mashauri ya mahakama za Uingereza moja kwa moja. Ukihesabu tangu 1362, ni miaka 371.

Na hata safari hiyo ya mwisho haikukosa wapinzani. Lord Raymond, Jaji Mkuu wa wakati huo, aliupinga mswada; hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba wakianza hivyo, kesho Wawelshi nao watadai sheria kwa Kiwelshi. Miongo kadhaa baadaye William Blackstone, mwalimu mkubwa wa sheria wa Oxford, alikuwa bado ananung'unika kwamba mabadiliko yale hayakumfanya mwananchi aielewe sheria zaidi, na mawakili sasa hawawezi kusoma kumbukumbu za kale. Sitambeza Blackstone. Nusu ya neno lake ni kweli. Ukimpa mtu asiyesomea sheria hati ya Kiingereza leo, hata kama ni Mwingereza wa London, atatoka jasho. Kubadili lugha hakuondoi ugumu wa sheria. Ila kuna tofauti kati ya kutoelewa kwa sababu jambo ni gumu, na kutoelewa kwa sababu hukusemeshwa.

Hofu ya Lord Raymond kuhusu Wawelshi inanipeleka kwenye jambo ambalo Waingereza hawapendi kukumbushwa. Tayari mwaka 1536, chini ya Mfalme Henry VIII, sheria ilikuwa imeagiza kwamba mahakama za Wales ziendeshwe kwa Kiingereza, na kwamba asemaye Kiwelshi pekee asishike cheo. Wakulima wa Wales wakakaa mbele ya majaji wasiowaelewa, sawasawa na wakulima wa Kiingereza mbele ya Wanormani. Walisubiri hadi mwaka 1942 kuruhusiwa kisheria kutumia lugha yao mahakamani pale ambapo kutumia Kiingereza kungewadhuru. Na katika shule nyingi za Wales za karne ya 19, mtoto aliyekamatwa akisema Kiwelshi alivikwa kibao shingoni. Naye alikivua kwa kumkamata mwenzake, na aliyebaki nacho jioni alichapwa.

Hilo sihitaji kulisoma vitabuni. Katika shule ya msingi niliyosoma, mwishoni mwa miaka ya 1960, kipande cha mbao tulikiita diski. Nimekivaa. Nimemvisha pia rafiki yangu, nikiwa nimejificha nyuma ya choo kumsikiliza akimwita mdogo wake kwa lugha ya mama, na sura yake alipogeuka bado naiona. Kwa hiyo kijana wangu anaposema Kiingereza kilizaliwa na sheria mdomoni, najua alikoipata imani hiyo, kwa sababu mimi ni mmoja wa walioipitisha mkono kwa mkono.

Kwetu hapa, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Lakini sheria ya mwenendo wa kesi za madai, katika kifungu cha 86, inasema lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ni Kiingereza. Jirani zetu Tanzania walibadilisha sheria mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama zao. Wana kazi kubwa ya kufasiri mbele yao, na hawajaificha. Nasi tunao wakalimani kortini, na wengi wao ni watu hodari wanaofanya kazi ngumu. Siku ile mkalimani hakuitwa, kwani shangazi hakuwa akitoa ushahidi. Mawakili walikuwa wakizungumza na jaji tu. Kumhusu.

Nilimtumia kijana wangu ujumbe wa simu nikamwuliza kama anajua "mortgage" ni lugha gani. Akajibu Kiingereza, bila shaka. Nikamwambia ni Kifaransa cha kale, maana yake amana iliyokufa, kisha nikamwomba anitafsirie. Hakukawia. "Rehani," akaandika, na chini yake: "Sawa, Mwalimu, nimekupata." Akaongeza kwamba hawezi kubadilisha kifungu cha 86 peke yake, jambo ambalo ni kweli. Lakini ameahidi kwamba kabla ya tarehe ijayo atamtembelea mteja wake nyumbani, aketi chini, na kumsimulia faili lote tangu ukurasa wa kwanza. Shangazi amekwisha kuuliza ni siku gani, apate kuchinja kuku.